Taa na Jogoo: Imani ya Mpiga Kura Katika Historia ya Malawi



Juma lililopita, baada ya Misa ya kwanza, mzee mmoja wa jumuiya alitungoja mlangoni pa sakristia mpaka watu wote walipokwisha kutawanyika. Ndipo akatuuliza kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, ukifika wakati wa uchaguzi, sisi Wakatoliki tumpigie nani?" Tulimjibu kwamba si kazi ya padre kumtaja mtu. Aliitikia kwa heshima, akachukua kofia yake akaenda, lakini tuliona wazi kwamba hakuridhika. Naye alikuwa na haki ya kutoridhika, kwa maana tulimwambia lile ambalo imani haifanyi, tukamnyima lile ambalo imani hufanya. Tafakari ya juma hili ni deni tunalomlipa mzee huyo.

Hatupendi kulilipa kwa hoja tupu. Historia ni mwalimu mvumilivu, na kwa jambo hili ametuandalia darasa karibu na nyumbani, katika nchi ya Malawi tunayopakana nayo kwenye Ziwa Nyasa. Nchi hiyo, ambayo wakazi wake wengi ni Wakristo na yenye Waislamu takriban mtu mmoja kati ya wanane, imewahi kuongozwa na mzee wa kanisa la Kipresbiteri, na Mwislamu, na Mkatoliki, na mchungaji wa Kipentekoste. Anayetaka kujua imani humfanyia nini mpiga kura, na aitazame Malawi.

Malawi ilijipatia uhuru tarehe 6 Julai 1964 chini ya Daktari Hastings Kamuzu Banda. Alikuwa tabibu aliyesoma Marekani na Uskoti, na huko Uskoti alifanywa mzee wa kanisa. Kwa sura ya nje alikuwa kiongozi ambaye Wakristo wengi wangemtamani: mtu wa suti nadhifu, mkali juu ya maadili, aliyepiga marufuku wanawake kuvaa suruali na sketi fupi. Mwaka 1966 nchi ikawa jamhuri ya chama kimoja, na mwaka 1971 akatangazwa kuwa Rais wa Maisha. Nguzo nne za utawala wake zilikuwa umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Ukiyasikia maneno hayo bila kujua yalivyotumika, ungedhani yametoka katika kanuni za shirika la watawa.

Lakini nyuma ya maneno mazuri palikuwa na hofu. Kadi ya chama ilidaiwa kwenye lango la soko na kwenye mlango wa basi. Mashahidi wa Yehova, waliokataa kununua kadi hiyo kwa sababu ya imani yao, walipigwa marufuku mwaka 1967. Wakapigwa, wakachomewa nyumba, na mwaka 1972 maelfu kwa maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Tuna tofauti kubwa nao katika mafundisho. Hata hivyo haki inatudai tukiri kwamba, katika miaka ile, wao walilipa gharama ya dhamiri wakati makanisa makubwa, letu likiwemo, kwa sehemu kubwa yalinyamaza. Watu walisali siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu wakanong'ona. Uchaguzi ulikuwepo kwa jina, lakini mpiga kura hakuwepo, kwa sababu mtu anayeogopa hachagui.

Hali hiyo ilitikiswa tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Siku hiyo, katika parokia za Kikatoliki kote nchini, ulisomwa waraka wa kichungaji uliotiwa saini na maaskofu wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, pamoja na Monsinyori John Roche, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa msimamizi wa kitume wa Jimbo la Mzuzu. Waraka huo, ambao jina lake lahusu kuiishi imani yetu, ulikuwa umechapwa kwa siri nakala zipatazo 16,000. Mapadre walipewa kazi moja tu, nayo ni kuusoma.

Ulisema nini? Wapendwa, hapa ndipo kiini cha somo letu. Haukumtaja mgombea, wala haukudai chama kipya, wala haukuomba kura. Ulianza na jambo ambalo kila mtoto wa katekisimu analijua, kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kisha ukachukua ukweli huo kama fundi anavyochukua timazi, ukaupima ukuta mmoja baada ya mwingine. Ukaipima shule: madarasa yaliyofurika, walimu wachache, na upendeleo katika kugawa nafasi. Ukaipima hospitali, na mgonjwa maskini anayerudishwa bila dawa. Ukaupima mshahara wa kibarua mbele ya utajiri wa wachache. Ukaipima mahakama, na hatima ya mtu anayetoa maoni yake. Ukawakumbusha watu hekima ya mababu zao kwamba kichwa kimoja hakibebi paa, yaani hakuna mtu mmoja aliyehodhi akili zote za taifa. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo wasikilizaji hawakulijua. Jambo jipya lilikuwa kwamba lilisemwa kwa sauti, mahali patakatifu, mbele ya jirani, na jirani akaonekana kuwa naye alilijua.

Serikali ilitambua mara moja uzito wa jambo lile. Siku mbili baadaye maaskofu waliitwa polisi mjini Blantyre, wakahojiwa kwa saa nyingi. Waraka ukatangazwa kuwa wa uchochezi, na kukutwa nao kukawa kosa. Katika kikao cha chama tawala baadhi ya viongozi walizungumza waziwazi juu ya kuwaua maaskofu. Maneno yao yalinaswa katika ukanda wa sauti, na dunia nzima ikayajua. Mwezi Aprili Monsinyori Roche akafukuzwa nchini. Lakini karatasi ilikuwa imekwisha kuruka. Watu waliidurufu maofisini, wakaituma kwa faksi, wakaificha chini ya magodoro. Wanafunzi wa chuo kikuu mjini Zomba waliandamana. Tarehe 6 Aprili Chakufwa Chihana, kiongozi wa wafanyakazi, alitua uwanja wa ndege wa Lilongwe kuja kudai mageuzi, naye akakamatwa papo hapo. Mwezi Mei wafanyakazi waligoma Blantyre, ghasia zikazuka, na makumi ya watu wakauawa. Mwezi huohuo nchi wafadhili zikasimamisha misaada yao, isipokuwa ile ya kibinadamu. Tusijidanganye basi kwamba waraka peke yake uliuangusha utawala. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, uchumi ulikuwa umedhoofika, na upepo wa vyama vingi ulikuwa ukivuma Afrika nzima, hata kwetu Tanzania ambako sheria ilibadilishwa mwaka huohuo wa 1992. Waraka uliondoa kitu kimoja tu, yaani ukimya. Lakini ukimya ndio uliokuwa umeshikilia vingine vyote.

Likafuata jambo ambalo sisi Wakatoliki hatuna budi kulikumbuka kila tunapojivunia waraka ule. Maaskofu hawakubaki peke yao, wala hawakutaka kubaki peke yao. Wapresbiteri wengi wakaunga mkono wito wa mageuzi. Mwaka huohuo wa 1992 ikaundwa kamati ya pamoja ya mazungumzo na serikali, iliyowakutanisha Wakatoliki, Wapresbiteri, Waanglikana, Waislamu, wanasheria na wafanyabiashara. Shehe na padre waliketi upande mmoja wa meza. Kumbe imani, inapozungumza juu ya heshima ya mtu badala ya faida ya waumini wake, hupata marafiki isiowatarajia.

Mwezi Oktoba 1992 Banda alitangaza kura ya maoni, nayo ikapigwa tarehe 14 Juni 1993. Alama zilikuwa mbili: jogoo mweusi kwa mfumo wa chama kimoja, na taa ya chemli kwa mfumo wa vyama vingi. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walichagua taa. Lakini tazameni vizuri. Mkoa wa Kaskazini na Mkoa wa Kusini walichagua taa kwa wingi mkubwa. Mkoa wa Kati, alikotoka Banda, ulimpa jogoo kura nyingi zaidi. Na Mkoa wa Kati una parokia nyingi za Kikatoliki, ambako waraka uleule ulisomwa Dominika ileile. Sikio lilisikia neno moja, lakini moyo ulilipokea ukiwa na mambo mengine ndani yake: undugu, lugha, kumbukumbu ya mema yaliyotendwa na mtu wa nyumbani, na hofu ya kitakachokuja. Imani haimfikii mpiga kura kama mbegu iangukayo katika shamba tupu.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi tarehe 17 Mei 1994, Wamalawi walipomchagua rais kati ya wagombea wa vyama vingi kwa mara ya kwanza. Bakili Muluzi alishinda kwa asilimia 47 ya kura. Banda akapata 33, na Chihana 19. Muluzi ni Mwislamu. Nchi ya Wakristo wengi, iliyoamshwa na waraka wa maaskofu Wakatoliki, ikamweka Ikulu Mwislamu kwa njia ya amani, na mzee Banda akayakubali matokeo. Tungependa kusema kwamba huo ulikuwa ukomavu wa imani, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini historia inatuzuia kujisifu kupita kiasi: Kusini ilimpigia kura mtu wa Kusini, Kati ikampigia mtu wa Kati, na Kaskazini mtu wa Kaskazini. Dini haikuwagawa wapiga kura, kwa kuwa mkoa ulikuwa umekwisha kuwagawa.

Na mgawanyiko wa namna hiyo haukawii kujivika joho la dini. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1999, Muluzi aliposhinda tena na wapinzani wakayakataa matokeo, misikiti kadhaa ilichomwa moto katika Mkoa wa Kaskazini. Waliochoma hawakuwa wamegombana na Waislamu juu ya Mungu. Walikuwa wamekasirishwa na matokeo ya kura, wakamtafuta mtu wa kumlipiza, wakampata jirani anayesali tofauti. Wapendwa, hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Mwanasiasa anapojifunika dini, akishindwa au akichukiwa, mawe huangukia nyumba ya ibada, na huangukia watu ambao hawakugombea chochote.

Viongozi wa Kanisa nao walipitia mtihani wao, na tunaona fahari kusema kwamba hawakuushindwa. Muluzi alipowania kubadili katiba ili aongezewe muda wa kutawala, Wakatoliki na Wapresbiteri walipinga hadharani, na mwezi Julai 2002 muswada wake ulianguka bungeni kwa kupungukiwa kura tatu tu. Mtu angeweza kusema: bila shaka walimpinga kwa sababu ni Mwislamu. Jibu lilikuja miaka michache baadaye. Mwaka 2004 alichaguliwa Bingu wa Mutharika, Mkatoliki. Katika kipindi chake cha pili alipoanza kuubana uhuru wa watu, maaskofu walitoa waraka mwingine mwezi Oktoba 2010, wakamkosoa mwana wa Kanisa lao kwa timazi ileile. Mizani isiyopima ndugu haiaminiki inapompima mgeni.

Sura ya karibuni zaidi yamhusu Lazarus Chakwera, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Assemblies of God nchini humo tangu mwaka 1989 hadi alipoingia katika siasa mwaka 2013. Uchaguzi wa mwaka 2019 alioshindwa ulifutwa na mahakama tarehe 3 Februari 2020, baada ya kuonekana kasoro nyingi, zikiwemo karatasi za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Uchaguzi uliporudiwa tarehe 23 Juni 2020, Chakwera alishinda kwa takriban asilimia 59. Wengi walifurahi kwamba hatimaye mtumishi wa Mungu ameshika usukani. Kisha ikaja miaka ya bei kupanda, mafuta kuadimika na fedha za kigeni kukosekana, na mwezi Septemba 2025 wananchi walewale wakampa ushindi Peter Mutharika, rais wa zamani, naye mchungaji akakubali kushindwa. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Tunasema kwamba mimbari si cheti cha utawala bora, na kwamba mwananchi anayesali kwa bidii bado anao wajibu wa kuuliza bei ya unga.

Tumefika mahali pa kukiri kosa letu, maana si haki kuwahubiria Wamalawi tukajiacha sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa paroko msaidizi katika parokia nyingine, mgombea mmoja, mwana wa parokia ile, alichangia mabati na saruji kwa ujenzi wa kigango. Dominika iliyofuata tulimkaribisha mbele, baada ya Komunyo, awasalimie waamini. Hakuomba kura, hakuwa na haja ya kuomba, sisi tulikuwa tumekwisha kumwombea kwa kumsimamisha pale. Akapigiwa makofi na vigelegele. Baada ya Misa mama mmoja mwanakwaya, ambaye kijana wake alikuwa akimfanyia kampeni mgombea mwingine, alitujia akasema maneno machache ambayo hayajatutoka masikioni hadi leo: "Padre, nilikuja kwa Bwana, nikakuta mkutano." Alikaa karibu nusu mwaka bila kufika jumuiyani. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, akatusamehe, akatukaribisha uji. Lakini Misa zile alizozikosa hatuwezi kumrudishia.

Kanisa halikutuacha bila mwongozo katika jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa kisiasa, bali ni ishara na mlinzi wa hadhi ya mtu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinamkataza padre kushika madaraka ya kiserikali, na pia kujihusisha kwa vitendo na vyama vya siasa, isipokuwa kwa ruhusa ya mamlaka ya Kanisa pale haki za Kanisa au manufaa ya wote yanapodai hivyo. Sheria hizo hazikuwekwa ili padre awe bubu. Zimewekwa ili atakaposema juu ya mgonjwa asiye na dawa, pasiwe na mtu wa kuuliza ametumwa na chama gani.

Basi, mzee wetu mpendwa, pokea sasa jibu ulilostahili kupewa pale mlangoni. Imani haikupi jina la mtu. Inakupa kipimo na inakupa ujasiri wa kukitumia. Kumbuka Samweli, nabii mtakatifu, alivyoingia nyumbani kwa Yese akavutiwa na Eliabu kwa urefu na sura yake, na Bwana akamrudi. Ikiwa nabii alikaribia kudanganywa na umbo, je, sisi hatutadanganywa na rozari iliyotundikwa kwenye kioo cha gari la kampeni? Usimwulize mgombea anasali wapi. Uliza mtoto wa maskini atasoma wapi, na mjamzito wa kijijini atajifungulia wapi. Uliza, mtu anayempinga atalala nyumbani kwake kwa amani? Uliza akishindwa atakubali? Na ukimpata Mkatoliki asiye na majibu na mwingine mwenye nayo, usione aibu kumpa huyo mwingine kura yako. Hujaisaliti Ekaristi uliyoipokea.

Kisha jipime na wewe mwenyewe, maana timazi haina upande. Katika kura yangu, ni kiasi gani ni dhamiri, na ni kiasi gani ni kabila, mkoa, fulana na kilo mbili za sukari? Swali hilo hakuna padre awezaye kukujibia. Lijibu usiku, mbele ya Mungu, kabla ya kwenda kupanga foleni asubuhi.

Tuwaombee jirani zetu wa Malawi, tuiombee nchi yetu, na tuwaombee wote wanaotofautiana nasi katika kura huku wakishiriki nasi meza moja ya Bwana. Nanyi mtuombee sisi mapadre wenu, ili tusiligeuze kanisa kuwa uwanja wa mkutano, wala tusinyamaze pale ambapo kunyamaza ni dhambi.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko